Usiingie darasani na hiyo chati ya herufi

Mkuu, itoe hiyo chati kwenye maandalizi yako! Umeuliza kuhusu klabu ya kuandika na kuvunja maandishi ya siri: diski za maboksi, zile za kuzungusha ili herufi moja iwe nyingine, na vipindi vingapi vitatosha kidato cha tatu hapo Nyegezi, Mwanza, shule isiyo na kompyuta. Sawa. Ila hiyo picha uliyoambatanisha, inayosema E ndiyo herufi inayoongoza kwa kutokea mara nyingi, itakuulia klabu.

E inaongoza kwenye Kiingereza. Kiswahili kinaongozwa na A, tena kwa mbali. Chati hiyohiyo tuligawiwa na mwezeshaji wa semina, akasisitiza inafaa lugha yoyote. Nikaandika ubaoni sentensi ya Kiswahili kwa herufi za siri, wanafunzi waivunje:

GDJDD ZD PZDORQL ZDQD PFKDQJD

Watoto wakahesabu sawasawa: D imetokea mara 9 kati ya herufi 25. Chati ikawaambia D ni E. Wakazungusha diski, wakapata HEKEE AE… Binti mmoja, makini kuliko wote, akafuta hesabu yake, akarudia, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Aliamini amekosea yeye. Hilo linaniuma hadi leo, maana D ilikuwa A, na sentensi ilikuwa DAGAA WA MWALONI WANA MCHANGA. Haina E hata moja! Yule bwana alichukua posho akaondoka, hakuwahi kuijaribu chati yake hata kwa mstari mmoja wa Kiswahili.

Kwa hiyo wanafunzi wahesabu herufi wenyewe, kwenye maandishi ya Kiswahili, kabla hawajagusa diski. Kila kundi lichukue habari moja ya gazeti, lipige vijiti kwa kila herufi, chati itakayopatikana ibandikwe ukutani. Al-Kindi, mwanazuoni wa kule Baghdad, karne ya 9, alielekeza hivyohivyo: tafuta maandishi mengine ya lugha ileile, hesabu herufi zake, ndipo ulinganishe. Lugha ileile, mkuu!

Halafu waangalie miisho. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo wa kushukiwa ni watano tu. Na vijineno vifupi ndiyo hazina: wa, ya, na, za, kwa. Ukiona ZD, QD na NZD, A umeshaikamata, hata kama alfabeti imevurugwa ovyo badala ya kusogezwa hatua tatu (A kuwa D, B kuwa E) kama alivyofanya Kaisari, yule mtawala wa Roma ya kale. Ila wape aya nzima, sentensi moja fupi inaweza kuwapoteza.

Magazeti ya zamani waulizie wauza maandazi, huwa wanayo ya kufungia.