Gepu la ringi kwenye injini ya tabo: mmeuliza, nawajibu

Naona Tanga nzima sasa inafunga tabo, maana wiki hii nimeulizwa ringi za pistoni tu, na gepu lake, yaani ule mwanya kati ya ncha mbili za ringi. Haya.

Shikamoo fundi. Nafunga 1JZ, injini ya Toyota, ya tabo hapa Ngamiani, ringi ni mpya za kwenye boksi, bado kuna haja ya kupima gepu?

Marahaba. Haja ipo, tena sana. Ringi ikipata moto inarefuka na haina pa kwenda ila kwenye lile gepu. Hiyo 1JZ silinda yake ni milimita 86, ringi ukiinyoosha unapata kama sentimita 27 za chuma, joto likipanda digrii 100 tu inaongezeka kama milimita 0.3, silinda nayo inatanuka lakini kidogo maana inapozwa na maji. Sasa tabo inaleta hewa nyingi, petroli nyingi, moto mwingi, ncha zikigusana ringi inakaba silinda huku pistoni bado inakwenda, kinachokatika hapo ni ule ukingo mwembamba wa pistoni unaoishika ringi. Kuna jamaa aliniletea injini imemfia kwenye ule mlima wa Mombo kwenda Soni, analaumu oili, nachomoa pistoni naona ncha za ringi ya juu zinang'aa kama kioo, kipande cha pistoni nikakiokota kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Basi niweke ngapi?

Isiyo na tabo, silinda hiyo ya 86, ringi ya juu ni kama milimita 0.35. Tabo ya kutembelea mjini weka 0.45 mpaka 0.50. Karatasi ya waliotengeneza pistoni ikisema vingine fuata karatasi, achana na mimi. Ringi ya pili iwe na gepu kubwa kidogo kuliko ya juu, ili upepo uliopenya upate njia ya kushuka, ukijazana katikati unainyanyua ringi ya juu.

Gepu likiwa pana injini si itakula oili?

Wala. Kwa 0.1 ya zaidi hutaona kitu barabarani. Kagua ringi ya oili na sili za valvu kwanza.

Fundi mimi sina mashine ya kusagia, tupa inafaa?

Inafaa sana, mi mwenyewe nimeanzia hapo. Ibane tupa laini kwenye vaisi, kinachotembea kiwe ringi, na usage ncha moja tu, toka nje kwenda ndani, ukirudisha kinyume unabandua ule utando wa usoni. Saga kidogo, pima, saga tena, ukipitiliza ndo basi ukanunue nyingine. Kupima, itie kwenye silinda ile ile itakayokaa, isukume na kichwa cha pistoni ilale sawa, ndo upitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Toa makali kwa msasa laini. Na usiziache wazi usiku kucha dada yangu, hii chumvi ya baharini asubuhi unazikuta nyekundu.

Magepu nayapanga upande mmoja?

Hapana, yatawanye, na alama ya kwenye ringi iangalie juu.