Mdogo wangu anataka kuliondoa ombi lake mahakamani

SWALI: Shikamoo Mzee. Mdogo wangu amefungwa Kentucky kwa hukumu ya mahakama ya jimbo. Rufaa yake ya mwisho jimboni ilikataliwa 12 Machi 2024. Tarehe 2 Mei 2025 alifungua mwenyewe, bila wakili, ombi la habeas corpus, yaani la kutaka ichunguzwe kama kifungo chake ni halali, kwenye mahakama ya shirikisho. Ana hoja mbili: polisi waliendelea kumhoji baada ya yeye kuomba wakili, na wakili wake hakumwita shahidi aliyekuwa naye usiku ule. Hii ya pili hajawahi kuipeleka kwenye mahakama za jimbo, na tunaambiwa lazima ipite huko kwanza. Mfungwa mwenzake, anayewaandikia wenzake makaratasi, kamwambia aliondoe ombi, arudi jimboni, kisha atalifungua upya. Barua ameshaiandika. Aitume?
Dada mtu, Louisville

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akikupigia tu, mwambie hiyo barua ibaki chini ya godoro.

Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mawakili huko Ohio miaka 17, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu siku kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani. Basi tuhesabu. Kuanzia 12 Machi 2024 alikuwa na siku 90 za kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani; hata kama hakwenda, siku hizo ni zake. Zikaisha 10 Juni. Hapo ndipo saa ilipoanza, maana sheria ya 1996 inampa mfungwa wa jimbo mwaka mmoja tu wa kufungua ombi kama hili. Mwaka wake ukaisha 10 Juni 2025. Alipofungua ombi alikuwa amebakiza siku 39.

Huyo rafiki yake anadhani siku 39 zimewekwa kabatini zinamngoja. Zimeshakwenda. Shauri lililofunguliwa jimboni kwa utaratibu husimamisha saa. Lililoko mahakama ya shirikisho halisimamishi, na Mahakama ya Juu ilishaamua hivyo mwaka 2001 katika kesi ya Duncan dhidi ya Walker. Hata amri ikisema ombi limeondolewa "bila kuathiri haki ya kulifungua tena", maneno hayo hayarudishi siku hata moja. Nimewahi kuona jalada la kijana aliyeondoa ombi kwa mistari minne ya mwandiko mzuri kabisa. Aliporudi, hoja zake hazikusomwa. Iliangaliwa tarehe tu.

Hukuniambia kama upande wa mkuu wa gereza, ambaye ndiye anayejibu ombi la namna hii, umeshajibu. Kama bado, basi taarifa yake ya kuondoa ombi italifunga shauri palepale, bila jaji kuulizwa. Na asitegemee jaji amwonye kwanza: mwaka 2004, katika Pliler dhidi ya Ford, ilisemwa kuwa halazimiki. Kama wameshajibu, itahitajika amri ya jaji, na hapo walau kuna mlango wa kugonga.

Badala ya barua ile, aandike maombi ya kusimamisha shauri lake wakati anapeleka ile hoja ya shahidi jimboni. Njia hiyo ilikubaliwa mwaka 2005, Rhines dhidi ya Weber. Lazima aeleze kwa nini hakuipeleka mapema, aonyeshe kuwa hoja ina uzito (jina la shahidi, alichokiona, ikiwezekana kiapo chake), na asionekane anavuta muda. Huko jimboni malalamiko ya kutetewa vibaya na wakili yana miaka 3 tangu hukumu kuwa ya mwisho, lakini asingoje hiyo miaka. Majaji wa shirikisho mara nyingi hutoa siku 30 tu za kwenda kufungua.

Jaji akikataa, bora aiondoe hoja ya shahidi peke yake na kuibakiza ya polisi. Inauma, najua, kwani kuirudisha baadaye kutahitaji ruhusa ya mahakama ya rufaa iliyoko Cincinnati, na ruhusa hiyo ni adimu. Ila atabaki ndani ya mahakama.

Kama angekuwa ametumia miezi miwili tu ya mwaka wake, ningesema aondoe na arudi jimboni bila wasiwasi.

Wewe huwezi kumsainia. Unachoweza ni kumtafuta huyo shahidi wiki hii, na kumuuliza wakili yeyote wa kesi za jinai hapo Louisville aipitie hesabu yangu. Mdogo wako akimaliza kuandika, amkabidhi askari wa barua gerezani na aandike tarehe ya siku hiyo. Kwa mfungwa asiye na wakili, siku ya kukabidhi ndiyo inayohesabiwa, hata bahasha ikichelewa kufika.