Maswali ya wasomaji: Utaratibu wote umefuatwa, mbona bado tunaonewa?

Tuliitwa kwenye mkutano kuhusu mtambo wa kuchoma taka unaotaka kujengwa jirani nasi. Tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukauliza maswali, wengi tukapinga. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira imetoka na inasema wananchi waliridhia. Ushahidi wao ni saini zetu. Tufanyeje?
*Mkazi*

Saini ya mahudhurio inathibitisha jambo moja tu, kwamba ulikuwapo. Haigeuki kuwa ridhaa kwa sababu mtu ameibandika nyuma ya ripoti. Ila kulalamika kwa mdomo hakutoshi. Ripoti ni maandishi, nayo hujibiwa kwa maandishi, ndani ya muda wa maoni uliotajwa kwenye tangazo.

Ombeni nyaraka tatu: muhtasari wa mkutano, karatasi halisi za mahudhurio, na jedwali la maoni na majibu. Karatasi za mahudhurio zikaguliwe moja moja. Ya kwanza huwa na kichwa kinachoeleza mkutano ulihusu nini na ulifanyika lini. Ya pili na zinazofuata mara nyingi hazina kitu, ni safu za majina na saini tu. Ujanja hupitia hapo, maana majina yasiyo na kichwa yanaweza kuambatishwa kwenye azimio lolote. Siku nyingine andikeni "nimehudhuria" kando ya kila saini na mpige picha kila ukurasa kabla haujaondoka mezani.

Baada ya hapo andikeni barua ya pingamizi yenye hoja zilizopewa namba, kila hoja ikitaja ukurasa wa ripoti inaoupinga. Malalamiko ya jumla, hata yawe ya kurasa nne, hujibiwa kwa sentensi moja: "maoni yamezingatiwa." Hoja namba 7 ikirukwa, pengo linaonekana, na mahakama au baraza la rufaa litaliona pia. Barua iende kwa mamlaka inayotoa kibali, si kwa mwekezaji peke yake, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hoja moja msiiache: je, siku ya mkutano bado kulikuwa na cha kuamua? Azimio la Rio la mwaka 1992, katika kanuni yake ya 10, linataka watu wapate taarifa, washiriki katika maamuzi na wawe na njia ya kudai haki. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 unakwenda mbali zaidi kwa nchi zilizouridhia: ushirikishwaji uanze mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Ikiwa kiwanja kilishanunuliwa na mkandarasi kupatikana, mlichoitiwa hakikuwa mashauriano. Linganisheni tarehe ya ununuzi na tarehe ya mkutano, muziweke zote mbili kwenye barua.

Mimi ni ofisa mipango. Timu yetu ilipima maeneo ya kuweka dampo kwa jedwali la vigezo na alama, kila kitu kwa namba. Eneo lililoshinda ni lile lile ambalo tayari lina machinjio, mtaro wa maji taka na gereji. Wakazi wanasema ni ubaguzi. Namba zinawezaje kubagua?
*Ofisa mipango*

Zinaweza, na wala hazihitaji mtu mwenye nia mbaya. Chukua maeneo mawili, A lililoelemewa na B lisilo na mzigo, na vigezo vinne vyenye alama 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo inayofaa zaidi kwa dampo. Gharama ya ardhi na fidia ina uzani wa 40, udongo na maji ya chini 25, umbali wa usafirishaji 20, na mzigo wa uchafuzi ambao eneo tayari linao 15. Tuseme A limepata 5, 3, 4 na 1, na B limepata 2, 4, 3 na 5. Zidisha kila alama kwa uzani wake na ujumlishe: A lina 370, B lina 315. Dampo linakwenda A.

Sasa usiguse alama hata moja. Badilisha uzani tu: gharama 25, udongo 25, usafirishaji 20, mzigo uliopo 30. A linashuka hadi 310, B linapanda hadi 360. Vipimo ni vile vile, udongo ni ule ule, mshindi amegeuka. Kwa hiyo uamuzi haukufanywa na vipimo. Ulifanywa na aliyeandika zile namba za uzani, na mara nyingi huyo ni mshauri mwelekezi mmoja ambaye hakuulizwa kwa nini gharama ipewe 40.

Tatizo la pili ni kigezo cha gharama chenyewe. Ardhi ya A ni rahisi kwa sababu machinjio na mtaro vimeshaishusha thamani. Dhuluma ya jana inahesabiwa leo kuwa sifa nzuri ya eneo, na mradi utakaofuata utaikuta ardhi imeshuka zaidi. Hivyo ndivyo vitu vibaya vinavyorundikana mahali pamoja. Lipo pia kosa la kuhesabu mara mbili: "gharama ya ardhi" ikiwa safu moja na "gharama ya kuhamisha watu" safu nyingine, thamani ndogo ya nyumba za maskini inawaumiza katika safu zote mbili. Na "kukubalika kwa jamii" kukipimwa kwa idadi ya pingamizi zinazotarajiwa, wasio na wakili wanahesabiwa kuwa wamekubali.

Mwaka 1982 jimbo la North Carolina, Marekani, lilipeleka udongo wenye sumu ya PCB kwenye dampo jipya katika kaunti ya Warren, ambayo wakazi wake wengi walikuwa Weusi na maskini. Maji ya chini ya ardhi pale yalikuwa karibu na uso. Zaidi ya watu 500 walikamatwa wakizuia malori, na udongo ukamwagwa vilevile; miaka takriban 20 baadaye ikabidi udongo ule usafishwe. Wanaharakati wa haki ya mazingira huitaja Warren mpaka leo.

Rudieni kazi hivi. Kwanza tengeni vigezo vya kuondoa kabisa, visivyofidiwa na alama nyingine: bonde la mafuriko, maji ya chini yaliyo juu mno, ukaribu na shule au chanzo cha maji ya kunywa. Eneo linaloshindwa hapo lisiingie kwenye jedwali hata kama ni la bure. Pili, uzani ukubaliwe na wawakilishi wa maeneo yote kabla majina ya maeneo hayajatajwa. Yakishajulikana, kila mtu atavutia kwake. Tatu, pandisheni na kushusha kila uzani kwa theluthi moja, kisha mchapishe ni mara ngapi mshindi anabadilika. Akibadilika kirahisi, iambieni kamati waziwazi kwamba jedwali halijaamua, na kwamba kinachobaki ni swali la haki ambalo watu waliochaguliwa wanapaswa kulijibu hadharani kwa majina yao.

Kila kiwanda hapa kina kibali na kila ripoti inasema kiko ndani ya kiwango. Lakini watoto wanakohoa mwaka mzima. Nani anadanganya?
*Mwalimu*

Huenda hakuna anayedanganya. Kila ripoti imepima mradi mmoja, na mapafu hayavuti hewa ya mradi mmoja. Tuseme hewa yenu ilikuwa na maikrogramu 9 za vumbi laini la PM2.5 kwa mita ya ujazo, na viwanda vinne vikaongeza 2 kila kimoja. Kila ripoti itaandika "ongezeko dogo", nanyi mnavuta 17. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 ni wastani wa mwaka usiozidi 5. Dawa yake ni tathmini ya athari limbikizi: mradi mpya upimwe juu ya jumla ya vilivyopo na vilivyokwisha kupewa kibali hata kama havijajengwa.

Ulizeni pia vipimo vya awali vilichukuliwa msimu gani (mvua huosha vumbi), kifaa kilisimamishwa upande gani wa upepo, na kwa siku ngapi. Wastani wa mwaka huficha siku mbaya, hivyo ombeni takwimu za saa 24 moja moja.

Mchumi wa mradi anasema madhara yatakayotokea miaka 50 ijayo "hayana uzito". Ni hesabu au ni dharau?
*Msomaji*

Ni hesabu yenye uamuzi wa kimaadili ndani yake. Hasara ya 1,000,000 itakayotokea baada ya miaka 50, ikipunguzwa kwa asilimia 7 kwa mwaka, leo inaandikwa kama 34,000 hivi. Kwa asilimia 3 inakuwa takriban 228,000. Kwa asilimia 1.4 ni karibu 500,000. Bwawa la tope sumu litakalovuja wakati huo linaonekana nafuu au ghali kwa kutegemea asilimia hiyo moja.

Sehemu ya punguzo ina hoja: wajao wakiwa matajiri kuliko sisi, shilingi moja itawauma kidogo kuliko inavyotuuma. Sehemu nyingine inawapunguzia watu thamani kwa sababu tu watazaliwa baadaye, na hiyo mwanauchumi Frank Ramsey aliikataa tangu mwaka 1928 kuwa haitetewi kimaadili. Mwambieni mchumi wenu azitenganishe sehemu hizo mbili, aonyeshe matokeo kwa viwango visivyopungua vitatu, na vifo na maji yaliyoharibika yaorodheshwe kwa idadi yake halisi na mwaka wake, pembeni ya fedha.