Sehemu za mmea: waache watoto wang'oe

Walimu wenzangu wa Darasa la Tatu, mkipanda maharage na mahindi kwenye bustani ya shule, pandeni mengi kuliko mnayohitaji, maana mengine lazima yang'olewe. Mchoro wa ubaoni mtoto ataukariri, mzizi, shina, jani, ua, na mtihani atafaulu. Lakini mwulize kiazi mviringo ni sehemu gani ya mmea uone atakavyojibu.

Mimi huanza na chakula cha nyumbani. Jana mlikula mboga gani? Matembele, mchicha, kisamvu: yote majani. Kisha tunafukua tuta la viazi vitamu, nao wanaona kwamba yale matembele na kile kiazi ni mmea mmoja, na kwamba kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi mviringo, ingawa nacho hukaa ardhini, ni shina. Yale macho yake ni machipukizi. Hapo watabishana sana. Usiwakatize.

Maharage yafukue yanapoanza kutoa maua. Mwagilia kwanza udongo ulainike, chimba pembeni kwa kijiti, uinue mmea taratibu. Ukiuvuta kwa nguvu, vinundu vya mizizini vitabaki chini. Osheni mizizi kwenye ndoo, kisha upasue kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Weka na mhindi pembeni: hauna vinundu hivyo, na mizizi yake ni nyuzi nyingi, wakati harage lina mzizi mkuu wenye matawi.

Kwa somo la ua, hakuna mmea unaoshinda ule wa maboga. Maua yake ni makubwa na hufunguka asubuhi, kwa hiyo toka na watoto kipindi cha kwanza. La kike lina kiboga kidogo chini ya petali. La kiume lina kikonyo kitupu, na ukiligusa ndani vidole vinabaki na vumbi la njano, ndiyo chavua.

Ninalowasihi zaidi ni kwamba bustani isiwe adhabu. Mtoto aliyechelewa namba akipewa ndoo amwagilie, na mpiga kelele akipewa jembe, darasa zima litajifunza kuichukia. Kumwagilia kuwe zamu ya kila mtoto, na kila kundi liwe na tuta lake.

Pandeni mara shule zinapofunguliwa, ili maua yasichanue watoto wakiwa likizo.