Maswali ya wasomaji: nyumba, fremu na habari za mji mdogo

Nimechagua maswali matano. Mawili ya kwanza ni ya nyumba, na wengi wenu mmeyauliza kwa namna mbalimbali.

Kila mtu mjini kwetu anasema bei za nyumba zimepanda vibaya mwaka huu. Nilikuwa najiandaa kununua nyumba ya kawaida tu. Je, nimechelewa?

Dada yangu, uliza kwanza ni nyumba ngapi zilizouzwa. Katika mji mdogo pengine ni tano tu kwa mwaka mzima, na hapo nyumba moja inatosha kuvuruga hesabu ya mji wote. Chukulia nne ziliuzwa kwa 40, 42, 45 na 48, kwa fedha yoyote ile, na ya tano, jumba la ghorofa, ikauzwa kwa 175. Jumlisha, kisha ugawe kwa tano: wastani ni 70. Lakini hakuna nyumba hata moja iliyouzwa kwa bei inayokaribia 70! Zipange kuanzia ya chini hadi ya juu, uchukue iliyo katikati: 45. Kwa anayetafuta nyumba ya kawaida, hiyo ndiyo namba ya kushika.

Halafu tenganisha bei inayotajwa na bei iliyolipwa. Ya kwenye tangazo ni ile anayoiomba muuzaji. Iliyolipwa utaipata kwa waliouziana, kwa dalali anayetunza kumbukumbu, au kwenye daftari la ardhi pale ambapo liko wazi kwa umma. Uliza pia nyumba imekaa sokoni muda gani. Iliyongoja miezi minane na kushushwa bei mara mbili ina mwenyewe aliye tayari kuzungumza, hata kama mtaani wanasema bei hazishikiki.

Benki imenipa nichague mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20. Rejesho la miaka 20 ni dogo. Nichukue huo?

Tuangalie kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio linalopungua. Kwa kila 100 utakazokopa, miaka 20 itakurejeshesha takriban 232 na miaka 15 takriban 193. Sasa tazama rejesho la mwezi: la miaka 15 linazidi la miaka 20 kwa asilimia 11 hivi tu. Kama mshahara wako hautetereki, ningejibana kidogo nichukue miaka 15. Kama kipato chako kinapanda na kushuka, chukua 20, ila hakikisha mkataba unakuruhusu kulipa zaidi mapema bila faini. Na uulize bila kuona haya: riba hii itabaki hivi hadi mwisho, au benki inaweza kuipandisha katikati ya safari?

Mtu amefungua duka kama langu, mkabala kabisa na mlango wangu. Nihame?

Pole, mama. Najua inavyouma kufungua mlango asubuhi na kumwona mwenzio akipanga bidhaa zilezile. Lakini kukaa karibu hivyo si lazima kuwe uadui. Mwaka 1929 mwanauchumi Mmarekani Harold Hotelling alieleza jambo hili: wauzaji wawili kwenye barabara moja, kila mmoja akisogea kidogo ili apate wateja wa upande wa mwenzake, huishia katikati, ubavu kwa ubavu. Unapohama unaweza kumwachia eneo ulilolijenga kwa miaka.

Jibu linategemea unauza nini. Nguo, viatu na samani mteja hupenda kulinganisha kabla ya kutoa pesa, na maduka mawili pamoja huweza kuvuta watu ambao duka moja lisingewavuta. Sabuni na betri ni tofauti; mtu huchukua pa karibu akaondoka, na hapo mtagawana waliopo. Mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller alionyesha mwaka 1933 kwamba kila bidhaa ina idadi ya chini ya wateja, na wasipofika hao, duka halisimami. Yako itafute kwa kalamu. Ikiwa pango, mishahara na umeme ni 600 kwa mwezi, na kila mteja anakuachia faida ya 2, unahitaji wateja 300; kwa siku 26 za kazi ni kama 12 kwa siku. Hesabu wanaoingia kwa mwezi mzima. Wakiwa wastani wa 20 kwa siku, baki hapo na uboreshe unachouza. Wakiwa 8, anza kutafuta mahali pengine kabla akiba haijaisha.

Nilitia sakafu na mlango mpya kwenye fremu ya kupanga. Mwenye nyumba sasa amepandisha kodi akisema imependeza. Ana haki?

Hili linaniudhi, kwa sababu linajirudia mno. Katika mifumo mingi ya sheria kilichoshikamana na jengo ni cha mwenye jengo, isipokuwa mkataba useme vingine. Soma wako leo. Unaofuata uandike mambo manne: muda, haki ya kuongeza muda, kodi itapanda kwa kiasi gani na lini, na gharama za matengenezo zitakatwaje kwenye kodi. Usinunue hata mfuko wa saruji kabla ya sahihi.

Gazeti letu la mji limefungwa. Tunapoteza nini hasa, kama habari zote tunazipata kwa simu?

Mnapoteza mtu wa kukaa kwenye kikao cha baraza hadi mwisho. Watafiti wa Marekani Gao, Lee na Murphy waliona kwamba gazeti la eneo likifungwa, gharama za kukopa za serikali ya eneo hilo hupanda, maana hakuna anayeichungulia kila siku, na mzigo huo huwarudia walipa kodi. Simu itawaambia soko linahamishwa siku linapohama. Muhtasari wa kikao ungewaambia miezi kabla, wakati pingamizi bado linapokelewa na mwenye fremu bado hajasaini mkataba mpya. Anzeni na watu watatu wanaoaminika, wapokezane kuhudhuria, waandike kilichoamuliwa na kiasi cha fedha, kisha wakibandike pale watu wanapopita.