Maswali na Majibu ya Nasaba: Kufanana Majina Si Undugu

Swali: Shikamoo mzee. Mke wangu ni mwenyeji wa Indiana, Marekani. Wazee wake walitoka Virginia wakapitia Kentucky. Nimekuta Pennsylvania ukoo wenye jina lilelile, na hata majina ya watoto ni yaleyale. Niwaunganishe?

Marahaba, mwanangu. Usiwaunganishe bado. Abraham Lincoln mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikwama hapohapo. Mwaka 1859, alipoandika habari zake kwa ufupi, alisema wazee wake walitoka Virginia, na kabla ya hapo Berks County, Pennsylvania. Waliojaribu kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki lenye Massachusetts, waliambulia majina yanayofanana tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Hakudai undugu asioweza kuuthibitisha.

Undugu ulikuwepo kweli, ila kilichouthibitisha ni wosia na hati za ardhi. Samuel Lincoln alifika Hingham, Massachusetts, mwaka 1637. Mjukuu wake Mordecai alihamia New Jersey, kisha Pennsylvania, na katika wosia wake akamwachia mwanawe John ardhi ya New Jersey. John alipoiuza, hati ikamtaja kuwa mwana wa Mordecai. Huyo John ndiye aliyeshukia Virginia, na mwanawe Abraham, babu yake rais, akavuka milima hadi Kentucky. Karatasi ya mauziano ikathibitisha kilichowashinda watu kwa kulinganisha majina. Basi tafuta nani aliuza shamba kabla ya kuhama, nani alishuhudia, na majirani walikuwa akina nani. Watu wa wakati ule mara nyingi walihama na wakwe na majirani zao.

Swali: Kuna mti wa ukoo wetu kwenye intaneti, vizazi kumi na vinne. Naruhusiwa kuunakili?

Nimeulizwa hili mara nyingi mno. Usiunakili. Kila mzazi asiye na hati nyuma yake mfute, hata kama mti utabaki na vizazi vitano. Kosa la mtu mmoja likishanakiliwa na mia, wa mia na moja huliona ushahidi.

Swali: Babu alizaliwa Kentucky mwaka 1785, lakini simpati kwenye kumbukumbu za jimbo.

Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792. Katafute Virginia.

Swali: Tawi moja lilikuwa na mashamba makubwa, jingine mafukara. Kweli wanaweza kuwa wa baba mmoja?

Wanaweza. Babu yake Lincoln aliuawa Kentucky mwaka 1786 bila kuacha wosia. Sheria ya wakati ule ilimpa ardhi mwana wa kwanza, Mordecai mwingine. Thomas, baba yake rais na mdogo kuliko wana wote wa kiume, alikua akifanya vibarua. Baadaye akahamia Indiana mwaka 1816 na Illinois mwaka 1830. Umaskini hauvunji nasaba, lakini mara nyingi ndio unaoeleza kwa nini tawi moja liliendelea kuhama.

Swali: Mbona bibi yetu hayumo katika sensa ya 1830?

Amehesabiwa, hakutajwa. Tangu 1790 hadi 1840 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina, na uhusiano wake na mkuu wa kaya ukaongezwa mwaka 1880.

Nimesema mtu huru. Watumwa, mwaka 1850 na 1860, waliandikwa chini ya jina la mmiliki kwa umri na jinsia, wengi wao bila majina. Familia nyingi zilizohamia magharibi ziliwaburuta watu hao, na wosia uleule unaokuonyesha nani alirithi shamba huenda unawataja waliorithishwa pamoja nalo. Ukiyakuta majina yao, yanakili yote, pamoja na kaunti na mwaka. Wengi wao sensa iliwataja kwa mara ya kwanza mwaka 1870, na vitukuu wao wanaotafuta miaka ya kabla ya hapo huenda hawana mahali pengine pa kuwaona ila katika karatasi hiyo uliyoishika wewe.