Taarifa za wilaya ya shule: tazama ajenda, si jarida tu

Dada, umeuliza kwa nini habari za kubadilishwa mipaka ya shule, yaani mitaa ambayo watoto wake husoma shule fulani, zinakufikia mambo yameshapitishwa. Kwa Marekani, jarida la wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo, hutangaza yaliyokwisha kuamuliwa, pamoja na picha za mahafali. Uamuzi wenyewe hufanyika kwenye kikao cha bodi ya shule. Kwa jimbo la California, sheria ya mikutano ya wazi iitwayo Brown Act inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Majimbo mengine yana taratibu zao. Ukiifungua ajenda usiishie vichwa vya mada. Huwa kuna fungu la mambo yanayopitishwa kwa mkupuo bila mjadala, na mikataba mingi hupenyezwa humo. Ukitaka kusema kikaoni, wahi kujiandikisha, maana dakika za kuongea ni chache.

Na Kiingereza kisikutishe. Shule za umma Marekani zinatakiwa kuwapa wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa, bila malipo. Omba mkalimani kwa maandishi. Usikubali mwanao ndiye akutafsirie, hasa siku mnayoitwa kwa utundu wake mwenyewe!